Mtumbwi wa Ladislaus na Draiva ya Kibingo

Funguo za karakana nimekabidhi, kikombe changu nimekichukua, na kiti changu nasikia mmeshaanza kukigombania. Mliniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi, mkaongeza, kwa ile adabu yenu ya kuigiza, kwamba nisiwachoshe. Vyeo nitaviruka maana havikunifundisha kitu. Nitaandika siku ya kwanza, fundi aliyenifunza, na hasa kosa langu la mstari mmoja ambalo nusura limfukuzishe kazi muuguzi asiye na hatia. Hili la mwisho wengi wenu mmelisikia nusunusu, na mengine mmeyatia chumvi wenyewe. Leo lisomeni kutoka kwa aliyelitenda.

Siku ya kwanza nilifika karakana ya Kayanga nikitokea kwetu Kanoni, viatu vina matope hadi kwenye kamba. Nilikuwa na cheti cha ufundi redio na kiburi kilichokizidi hicho cheti. Fundi mkuu alikuwa Ladislaus, mtu mrefu wa Nyakakika, miwani yake imefungwa waya wa shaba upande mmoja. Hakuniuliza cheti. Alinipa redio ya mawasiliano iliyokufa na kitambaa cheupe.

"Ifungue," alisema. "Kila skrubu unayoitoa, iweke kwenye kitambaa kwa mpangilio. Ukimaliza, funga kwa kurudi nyuma. Ya mwisho kutoka iwe ya kwanza kurudi."

"Naitengeneza saa ngapi, Fundi?"

"Nani kakwambia uitengeneze?"

Wiki nzima nilifungua na kufunga redio ambayo haikuwahi kupona. Nilimchukia kwa moyo wote. Lakini hadi leo nikifungua kitu, hata sufuria ya presha ya binti yangu, sibakiwi na skrubu mkononi. Na sheria yake ya pili niliimeza bila kutafuna: ulichokichukua wewe, kirudishe wewe, usimwachie mwenzako. Koleo, waya, glasi ya chai, vyote viliingia humo.

Kompyuta zilipoingia karakana, mafundi wa rika lake wengi walizipisha kama mtu anavyompisha ng'ombe mkali njiani. Ladislaus hakuzipisha. Alipata mahali kitabu cha lugha ya C, nakala ya nakala, kurasa kumi za mwanzo hazipo. Ndiyo maana mimi sikuwahi kuandika ile programu ya kusalimia dunia ambayo kila mwanafunzi huanza nayo. Tulianzia katikati, kwenye kumbukumbu ya kompyuta na namna ya kuiomba na kuirudisha. Ladislaus alifurahi sana. "Unaona? Ni kitambaa na skrubu tu," alisema, na kwa miaka mingi nikamwamini.

Baadaye vikaja visanduku vya joto, ambavyo ninyi mnavijua kuliko mnavyowajua shangazi zenu. Kwa msomaji mgeni nieleze. Kisanduku ni kompyuta ndogo inayofungwa ukutani karibu na jokofu la chanjo katika zahanati. Kipimajoto kinakaa ndani ya jokofu, kebo yake inachomekwa kwenye kisanduku. Kila baada ya dakika chache kisanduku kinaandika joto, na joto likipanda kinapiga kelele ili muuguzi ahamishe chanjo. Ndani yake kuna kerneli, ile programu ya chini kabisa inayoshikilia kompyuta nzima, na ndani ya kerneli kuna draiva, kipande kinachoifundisha kuongea na hicho kipimajoto. Draiva hiyo niliiandika mimi, na nilijivuna nayo kama mama wa bwana harusi.

Ladislaus alikuwa ameshastaafu wakati huo, amerudi kibanjani kwake Nyakakika kwa migomba na kahawa. Hata hivyo nilimpelekea karatasi za draiva azipitie. Alisoma kidole kikishuka mstari kwa mstari, akasimama pale penye njia ya kurudi nyuma, yaani kile kipande kinachofanya kazi pale jambo linaposhindikana katikati. Aliona nimeomba kumbukumbu juu, na chini nimeirudisha kwa mkono wangu, kwa kfree, amri ya kuifuta papo hapo. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeichukua, umeirudisha," alisema, akaniwekea alama ya tiki kwa kalamu nyekundu. Karatasi ile ninayo bado, na tiki ile ilikuwa kwenye kosa lenyewe.

Visanduku vikasambaa Karagwe na Kyerwa. Nilizunguka mwenyewe kuwafundisha wauguzi, na kila mahali nilisema maneno yaleyale: "Ukiona namba haieleweki, chomoa kipimajoto, kisha kichomeke tena." Ushauri wa fundi yeyote duniani. Vilifanya kazi vizuri, nami nikaanza kuzungumza kama mtu asiyekosea. Wale mliokuwepo mnakumbuka nilivyokuwa sivumiliki.

Ndipo likaja la Kibingo. Zahanati ya kijiji kimoja kule ilikuwa na muuguzi mmoja, Godeliva. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, wakalima vibarua katika vibanja vya watu mpaka wakapata chao, wakamsomesha. Ndiye aliyekuwa akipokea watoto, akichoma chanjo, akifagia, akilaza mtu na kumwamsha. Jumatatu moja asubuhi alifungua jokofu ili aanze kliniki ya watoto, akakuta limezima na lina uvuguvugu. Akatazama kile kiraka kidogo kwenye lebo ya kila chupa, kile kinachobadilika rangi chanjo ikipata joto. Vyote vilikuwa vimebadilika. Aliwarudisha kina mama nyumbani na watoto wao mgongoni, bila kumchoma hata mmoja, kisha akapiga simu wilayani kujieleza mwenyewe.

Kisanduku ukutani kilikuwa kinawaka taa ya kijani wakati wote huo. Hakikupiga kelele hata kidogo. Watu wa wilaya walipofungua rekodi zake za joto wakaona zinakoma Ijumaa saa tatu asubuhi, na Godeliva mwenyewe alikuwa ameandika kwenye daftari lake kwamba saa tatu asubuhi alichomoa kipimajoto akakirudisha. Kwa hiyo hesabu yao ikawa rahisi: kifaa kilikuwa kizima, kaja muuguzi kakigusa, kikafa. Kikaitishwa kikao cha kamati. Maneno yaliyokuwa yakisemwa kijijini, kwamba huyo si wa hapa na chanjo za watoto wetu hazimuumi, nilikuja kuyasikia baadaye, na yaliniuma kuliko kitu chochote katika kazi hii.

Nilifika Kibingo siku tatu kabla ya kikao, nimetumwa kuandika ripoti ya kifaa. Nilikuta Godeliva ameketi benchi la wagonjwa, uniforomu imepigwa pasi kana kwamba anakwenda kusherehekea.

"Shikamoo, Mama," alinisalimu akiinuka.

"Marahaba, mwanangu. Niambie ulichofanya. Usiache kitu."

"Nilifanya ulichonifundisha. Namba ilikuwa inarukaruka, nikachomoa, nikachomeka. Taa ikawaka kijani. Nikajua kimekaa sawa. Mama, watanifukuza. Na leseni wataichukua. Mimi sijui kufanya kitu kingine."

Nilimwambia tusubiri tuone, jibu la mtu mwenye mashaka. Kwa kweli mashaka yangu yalikuwa juu yake. Nilichomoa na kuchomeka mara ishirini mbele yake na kisanduku hakikulalamika. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sasa hivi naionea aibu, "Unaona? Hakifi."

"Wewe unachomoa polepole," alisema.

"Polepole vipi?"

"Wewe unachomoa, unakiangalia, unapangusa, ndiyo unarudisha. Mimi nina watoto thelathini wanalia hapo nje." Akasogea, akanyoosha mkono, na kipimajoto kikatoka na kuingia mara moja tu, kama mtu anayegeuza kiazi kwenye makaa. Akarudia. Akarudia. Mara ya saba namba kwenye kioo ikaganda. Taa ikabaki kijani, maana taa ile niliifunga moja kwa moja kwenye umeme, haimsikilizi mtu.

Nikatoa kompyuta yangu na kebo ya siriali, kile chombo nilichowasisitizia kila siku msiache nyumbani. Kerneli inapoumia huwa inalia, lakini inalia kwenye waya huo, si kwenye kioo. Nikasoma kilio chake mstari kwa mstari pale kwenye benchi la wagonjwa. Ilisema kuna aliyetumia kumbukumbu iliyokwisha kufutwa, na aliyeifuta ametajwa kwa jina: ni draiva yangu, ule mstari wenye tiki nyekundu.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kazi ilipo. Kifaa kama kipimajoto kinapoandaliwa kusajiliwa, kerneli inakiwekea kaunta ya washikaji, nao si wale wa kijiweni. Inaanza na moja, nayo ni yako wewe uliyekiandaa. Kila mwingine anayekishika anaongeza moja, akimaliza anapunguza moja, na kumbukumbu inafutwa pale tu kaunta inapofika sifuri. Usajili una hatua. Katika hatua ya kwanza kifaa kinaonekana, na programu ya kusoma joto inakidaka papo hapo. Godeliva alipochomeka kwa haraka ile, programu ilikuwa bado haijaachia kipimajoto cha mwanzo pamoja na namba yake ya usajili, hivyo hatua ya pili ya usajili mpya ikakataliwa. Draiva yangu ikaona imeshindwa, ikarudi nyuma, ikafuta kumbukumbu kwa kfree kwa kuwa iliiomba yenyewe. Haikuuliza nani mwingine kashika, na programu ya joto ikaganda imeshika kitu kisichokuwepo, kelele zake nazo zikafa. Ilipaswa kusema tu, "Mimi naachia," kwa put_device, kisha kumwachia mshikaji wa mwisho kazi ya kufuta.

Niliondoka bila kumwambia Godeliva. Hili nalikiri. Njiani nilikuwa nafikiria jinsi "umeme mdogo" linavyoandikika kirahisi kwenye ripoti, na jinsi lisivyo na mtu wa kulibishia. Badala ya kurudi Kayanga nikakata njia ya Nyakakika kwa Ladislaus, nadhani nilitaka anikemee.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, anapangusa mtumbwi wake wa pombe. Wasio wa kwetu wajue: ni gogo lililochongwa katikati, humo ndizi zilizovundikwa zinakamuliwa na maji yake yanaachwa yachachuke mpaka yawe rubisi. Si kila mji una mtumbwi. Mwenye nao huwaazima majirani, na mara nyingi miji miwili huchanga ndizi katika mtumbwi mmoja. Nikamweleza kosa. Akakunja uso.

"Kosa liko wapi? Umeomba wewe, umerudisha wewe."

"Fundi, kuna mwingine alikuwa kashika."

"Hilo ni lake. Sheria ni sheria, Anatolia."

Nikakasirika, maana niliona ninakemewa kwa jambo lisilo lenyewe. Nikaupiga kofi ule mtumbwi. "Haya. Jirani yako kaja kuuazima huu. Wamechanga ndizi yeye na mwenzake. Sherehe ya kwake ikaahirishwa, hataki tena pombe. Aubinue amwage, akuletee?"

"Aumwage! Na pombe ya mwenzake je?"

"Lakini yeye ndiye aliyekuja kuuomba. Aliyechukua arudishe."

"Huyo anakuja kwangu ananiambia, mimi nimejitoa, waitu, ndugu yangu. Basi. Atakayebaki wa mwisho ndiye atauosha na kuurudisha."

"Na asipokuja kusema, kwa kuwa hakupata hata glasi?"

"Nitakaa nangoja mtumbwi mpaka lini? Kushindwa kupika si kwamba hakuuchukua..." Akaishia hapo. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Nilimwacha ajisikilize, starehe ambayo sikuwahi kuipata katika miaka yote ya kuwa chini yake.

"Ile tiki nyekundu," alisema hatimaye.

"Ninayo."

"Ichane."

"Siichani ng'o."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza kuhusu muuguzi, nikamwambia, naye akaacha kucheka. "Hilo ni letu sisi wawili," alisema. "Kaliseme, na jina langu ulitaje." Nilirudi Kayanga mwepesi. Rekebisho lenyewe lilikuwa mstari mmoja. Lakini kabla ya kuuandika nilikaa na karatasi, nikapitia kila mahali draiva inaposhindwa, nikijiuliza: hapa kaunta ni ngapi, na nani anayeishika? Nikakuta sehemu nyingine ambako nilishindwa na kuondoka kimya, bila kuachia. Pale kaunta haishuki kamwe na kumbukumbu inapotea kidogokidogo, kama huyo jirani asiyekuja kusema. Makosa haya ni pande mbili za jambo moja: kufuta wakati wengine wameshika, na kuondoka bila kusema umeachia. Mkikumbuka hili tu katika maandishi yote haya nitalala vizuri.

Kikao kilifanyika chini ya paa la zahanati, kwenye mabenchi yaleyale. Mwenyekiti alikuwa Bwana Rwekaza, mkulima wa kahawa mwenye sauti nzito, na kulikuwa na ofisa aliyetoka wilayani na faili. Godeliva aliketi peke yake upande mmoja. Ofisa akasoma zile saa, akasema kifaa kilikufa kilipoguswa. Nikasimama.

"Ni kweli alikigusa," nilisema. "Na ni mimi niliyemwambia akiguse. Kilichoua kisanduku ni kosa langu katika kukiandika."

Ofisa akaniuliza kama nina ushahidi au ni huruma. Nikaanza kueleza kaunta na usajili, nikaona macho yanafumba moja baada ya jingine. Nikaacha. Nikasema habari ya mtumbwi, mji wa kwanza, mji wa pili, aliyejitoa na aliyebaki. Macho yakafunguka. Bwana Rwekaza akainama kunielekea.

"Ngoja, Mama Fundi. Unataka kusema huo mtumbwi ulimwagwa na pombe ya mtu imo ndani?"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Na aliyeumwaga ni mimi, si huyu."

Niliogopa, nisiwafiche. Nilikuwa nimesema kwa mdomo wangu kwamba visanduku vyote vya wilaya mbili vina kosa hilohilo. Halafu mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mbona sisi tulisema ni Godeliva!"

Nikawaomba tujaribu mbele yao. Kisanduku chenye draiva ya zamani kwanza: Godeliva akachomoa na kuchomeka kwa mkono wake wa haraka, mara ya tano namba ikaganda, taa ikabaki kijani, nami nikawaonyesha kilio kwenye kebo. Kisha chenye draiva mpya. Mara kumi. Ishirini. Arobaini. Kila usajili uliposhindwa, draiva iliachia, ikangoja, ikajaribu tena. Ofisa mwenyewe akaomba achomoe, na lazima niseme alikuwa na mkono mzito. Namba ziliendelea kutembea. Alifunga faili akasema ataandika upya.

Godeliva alibaki kazini. Katika dunia yetu ya kerneli kuna desturi nzuri: anayerekebisha kosa huandika, chini ya rekebisho, jina la aliyeliripoti, na jina hilo halifutiki. Nilimuuliza kama ataruhusu niandike lake. Akaniuliza kama litaonekana na watu wasiomjua. Nikamwambia hasa hao ndio watakaoliona. Akanitajia yote matatu, lake, la baba yake na la babu yake, akanisimamia nikiandika herufi kwa herufi. La Ladislaus niliandika pia, kama mpitiaji wa draiva ya kwanza, kwa amri yake.

Tulibadilisha draiva katika kila zahanati, Karagwe yote na Kyerwa yote. Ilituchukua muda mrefu na mvua nyingi. Kosa la pili, lile la taa, nililirekebisha kwa koleo: taa ya kijani sasa inawashwa na programu ya kusoma joto yenyewe, na programu ikifa, taa nayo inazimika.

Kisha siku moja, saa nne asubuhi, niko mezani nagombana na ninyi juu ya nani kamaliza sukari, simu ikaita. Godeliva. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio mkali usiokoma, na watoto wanalia, na kina mama wanasema wote kwa pamoja.

"Mama! Linalia! Jokofu limezima na kisanduku kinalia! Sikiliza!" Akaisogeza simu ukutani nisikie. Mlio ule niliupanga mimi, miaka mingi kabla, na sikuwahi kuusikia ukilia kwa kazi yake.

"Godeliva, usinipigie mimi! Hamisha chanjo!"

"Nilishahamisha, Mama. Zimo kwenye barafu zote. Mtoto wa kwanza ameshachomwa, ndiye huyo anayenilalamikia."

Nikamsikiliza huyo mtoto akilia mpaka akachoka, na mimi nikilia naye, na ninyi mkidhani ni sukari.